Kulala porini Big Cypress: uliza miti pakavu ni wapi

Mara ya kwanza nilipolala Big Cypress niliamka saa nane usiku nikakuta kandambili zangu zinaelea. Hazikuwa zimekwenda mbali. Zilikuwa zikizunguka polepole mlangoni mwa hema, moja nyuma ya nyingine, na mwanga wa tochi ulionyesha maji yamefika kwenye zipu. Jioni yake nilikuwa nimejichagulia uwanja wa nyasi ulionipendeza: tambarare, upepo unapita, mbu wachache. Mtu aliyekulia Morogoro akiona mbuga ya nyasi kavu, moyo unatulia. Kumbe pale nyasi ndizo zinazokaa, na maji hupita kila yanapotaka. Ilinyesha kama saa mbili mfululizo, na maji mengi hayakutoka juu. Yalikuja kwa pembeni, kimyakimya.

Nimerudi mara nyingi tangu siku hiyo, na mwongozo huu unatokana na kandambili zile. Mtu akinieleza hofu yake kuhusu pori la Florida hutaja mamba na nyoka. Mimi humwambia tatizo lake litakuwa sentimita 30 za mwinuko.

Kwanza tujue tunazungumzia wapi. Big Cypress ni hifadhi ya taifa iliyo kusini mwa jimbo la Florida, Marekani, mwendo wa kama saa moja kwa gari magharibi ya Miami. Ina ukubwa wa karibu hekta 295,000 na ilianzishwa mwaka 1974, baada ya mpango wa kujenga uwanja mkubwa wa ndege katika eneo hilo kupingwa na kusimamishwa. Njia moja ya kurukia ilikuwa imeshajengwa, na ipo mpaka leo. Uwindaji unaruhusiwa humo chini ya taratibu za jimbo, na ndiyo maana ramani za wawindaji huliita WMA, yaani eneo la usimamizi wa wanyamapori. Mtanzania asichanganye: kwetu WMA ni jumuiya ya hifadhi iliyoundwa na vijiji kwenye ardhi yao. Huku ni ardhi ya umma yenye kalenda ya wawindaji.

Kambi ninayoizungumzia haina bomba, choo wala namba ya kiwanja. Unaingia kwa miguu na unalala utakapopaona panafaa.

Hatua ya 1: Chagua mwezi

Kusini mwa Florida kuna majira mawili tu ya maana: ya mvua na ya ukavu. Mvua huanza kama Mei na kuendelea hadi Oktoba, na ndani ya miezi hiyo kuna joto zito, radi karibu kila alasiri, mbu wa kutosha kukufukuza, na vimbunga, ambavyo msimu wake rasmi ni Juni 1 hadi Novemba 30. Usiende. Sina maneno mengine hapo.

Nenda kati ya Desemba na Aprili, lakini ujue miezi hiyo haifanani. Desemba maji ya mvua bado yamelala juu ya ardhi. Utatembea yakiwa kwenye vifundo, magotini, pengine mapajani. Kufika mwishoni mwa Machi ardhi imekauka na kupasuka, na tatizo linageuka: unatafuta maji ya kunywa huyaoni. Binafsi napenda mwisho wa Januari na Februari. Mchana joto ni la kupendeza, usiku baridi, na wadudu wamepungua. Baridi yenyewe usiidharau kwa sababu umesikia Florida ni nchi ya jua. Upepo wa kaskazini ukishuka, usiku unaweza kufika nyuzi 5 za Selsiasi, na mtu aliyeshinda na suruali mbichi atatetemeka mpaka asubuhi.

Hatua ya 2: Kibali, na kalenda ya bunduki

Kulala porini kunahitaji kibali cha hifadhi. Masharti na namna ya kukipata hubadilika, kwa hiyo angalia tovuti ya hifadhi wiki unayoondoka, usitegemee alichokuambia rafiki aliyekwenda mwaka juzi. Hapohapo angalia kama kuna sehemu zimefungwa kwa ajili ya uchomaji wa makusudi, maana watunzaji huchoma misonobari kwa zamu ili moto mkubwa usije.

Kisha tafuta kalenda ya uwindaji kwenye tovuti ya tume ya wanyamapori ya Florida, FWC. Kwa kawaida upinde huanza Septemba, bunduki huja Novemba na kuendelea hadi mwanzoni mwa Januari, halafu bata mzinga wa porini katika majira ya machipuo. Tarehe zenyewe hutangazwa kila mwaka. Sheria inamtaka mwindaji wa kulungu katika ardhi ya umma avae rangi ya chungwa inayong'aa, angalau inchi za mraba 500, juu ya kiuno. Wewe si mwindaji, lakini vaa. Kizibao cha wajenzi wa barabara kinatosha na ni rahisi. Usivae kofia nyeupe wala kutundika taulo nyeupe kambini msimu wa bunduki, kwa sababu mkia wa kulungu wa huku ni mweupe, na ndio macho ya mwindaji yanautafuta.

Wawindaji wenyewe ni watu wa salamu. Wengi hupita juu ya magari marefu ya matairi makubwa yaliyoundwa kwa ajili ya tope. Wasalimie na uwaulize hali ya maji mbele.

Hatua ya 3: Mzigo

Sitaorodhesha kila kitu. Hema, chandarua na tochi ya kichwa unavijua. Nitataja vile ambavyo watu hukosea.

Viatu: acha buti zisizopitisha maji. Maji yakiingia kwa juu hayatoki, na utatembea umebeba ndoo mbili miguuni. Vaa raba nyepesi zenye matundu, zifungwe kwa nguvu, pamoja na soksi za sufu. Jozi moja ya soksi kavu iwe ya kulalia tu, kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, na usiiguse mchana hata ukijisikia kulia.

Fimbo: ndefu, imara, inayokufika kifuani. Utaiona kazi yake hatua inayofuata.

Kila kinachoogopa maji kifungwe mara mbili. Weka mfuko mkubwa wa taka, ule mzito, ndani ya begi, kisha pakia humo ndani.

Ramani uipakue kwenye simu kabla, na uchukue ya karatasi na dira. Mtandao wa simu utakuacha mapema. Nchi hii haina kilima. Ukigeuka mara tatu ndani ya miti kila upande unafanana. Mwachie mtu wa nyumbani maelezo: unaingilia wapi, unatokea wapi, na saa ngapi aanze kupiga simu.

Hatua ya 4: Kutembea ndani ya maji

Njia rahisi kwa anayeanza ni Florida Trail, njia ya miguu inayokata jimbo zima kwa kama kilomita 2,400. Sehemu yake maarufu inaanzia kituo cha wageni cha Oasis kwenye barabara ya magari iitwayo Tamiami Trail na kwenda kaskazini hadi barabara kuu ya I-75, kama kilomita 48. Kuna kambi zinazojulikana kwa umbali wake kwa maili: Seven Mile, Ten Mile, Thirteen Mile. Alama ya njia ni mstari wa rangi ya chungwa kwenye shina. Ukiona miwili imepandana, njia inapinda. Kwa mara ya kwanza nenda Seven Mile, kama kilomita 11, ulale, urudi.

Kilomita 11 unasema ni asubuhi moja. Si huku. Kwenye maji ya magotini mimi huhesabu kilomita moja na nusu hadi mbili kwa saa, na hapo sijaanguka. Chini kuna tope jeupe la chokaa linalong'ang'ania kiatu, na chini ya tope kuna mwamba uliotobolewa na maji miaka mingi, una mashimo ya kuingiza mguu mpaka paja. Hapo ndipo fimbo inapofanya kazi: gusa mbele, sikia pagumu, kisha kanyaga. Buruta mguu badala ya kuunyanyua juu. Mizizi ya miti ya majini huchomoza kama magoti ya watu waliozama, na ile iliyo chini ya uso wa maji huioni mpaka imekugonga.

Ondoka mapema. Desemba jua linazama kama saa kumi na moja na nusu jioni. Saa tisa alasiri uwe umeshafika, au umeshaanza kutafuta pakavu.

Hatua ya 5: Kupata pakavu

Hapa ndipo tulipotaka kufika. Ardhi ya Big Cypress huteremka sentimita chache tu kwa kilomita, kwa jicho huoni chochote. Lakini mti unaona. Tofauti ya kimo cha mkono inabadilisha msitu mzima, kwa hiyo usiangalie chini, angalia juu.

Misaipresi ya majini, yenye shina lililovimba chini na majani yanayopukutika wakati wa baridi, imesimama penye maji. Ukiiona kwa mbali imejipanga kama kichuguu, mirefu katikati na mifupi pembeni, usidhani ni kilima. Ni kinyume: katikati ndiko kwenye kina. Nyasi wazi na misaipresi vibeti iliyotawanyika ni mahali ambapo maji huja na kwenda. Pale ndipo nilipolala mimi.

Misonobari yenye mitende mifupi chini yake, ile yenye majani kama upepeo na vikonyo vyenye meno ya msumeno, hiyo ni habari njema. Hapo pameinuka. Halafu kuna visiwa vya miti ya majani mapana: mialoni, mitende mirefu, na mti mmoja wenye gome jekundu linalobanduka ambao wenyeji huutania kwa jina la mti wa watalii, maana anayeota jua la Florida huwa hivyohivyo. Visiwa hivi ndivyo vilivyo juu kuliko vyote, na wenyeji wa asili wa huku, Wamiccosukee na Waseminole, walikaa katika visiwa kama hivi. Nyumba zao, zenye sakafu ya nguzo iliyoinuka na paa la majani ya mitende, zingemfanya mtu wa Bagamoyo ajione yuko kwa shangazi. Sakafu imeinuliwa kwa sababu ileile iliyozifanya kandambili zangu zielee. Ukikuta vigae au mifupa ya kale, acha vilivyo, usichimbe.

Mzee mmoja mwindaji alinifundisha kipimo cha mwisho. Nilimkuta anatengeneza gari lake, nikamwonyesha mahali nilipopapenda. Hakusema kitu, alitembea hadi kwenye shina lililo karibu, akaweka kiganja kwenye mstari ambapo gome lilibadilika rangi, kijivu iliyofifia chini na madoa ya kuvu mwani juu. Mstari ulimfika kiunoni. "Maji huwa hapa," akasema, akarudi kwenye spana zake. Tangu hapo siangushi begi kabla ya kuzunguka miti mitatu minne nikitafuta mstari huo. Kama upo juu ya kifundo, naondoka.

Tahadhari moja: pakavu hapana mwenyewe mmoja. Maji yakipanda, nyoka, panya na sisimizi nao hupanda hapohapo. Kagua kwa fimbo chini ya mitende, angalia kama kuna mti mkavu utakaokuangukia, na epuka mmea wowote unaotambaa wenye majani matatumatatu. Huo huwasha ngozi kwa siku nyingi.

Pakikosekana kabisa pakavu, bembea ya kulalia ndiyo dawa. Funga kwa mikanda mipana kwenye miti miwili imara, tandaza turubai juu. Angalia usiponde mimea inayoota juu ya mashina kama nanasi changa. Mingine ni adimu na inalindwa.

Hatua ya 6: Maji ya kunywa

Maji ya kinamasi ni ya kahawia kama chai ya rangi iliyokolea. Rangi hiyo ni ya majani na magome, haidhuru. Visivyoonekana ndivyo vinavyodhuru. Chota penye maji yasiyotibuliwa, chuja kwanza kwa kitambaa au leso ili kichujio kisizibe, pitisha kwenye kichujio, kisha chemsha au tia dawa. Kuanzia Machi ingia na maji ya kutosha ya siku nzima, na waulize kituoni mashimo gani bado yana maji.

Na hapo kwenye mashimo ya mwisho ya kiangazi, mamba nao wapo.

Hatua ya 7: Chakula na moto

Dubu weusi wapo, na rakuni, wale wanyama wadogo wezi wa chakula, wapo zaidi. Kutundika chakula juu ni kazi bure kwenye miti mifupi, hivyo nunua au azima kopo gumu la kuzuia dubu. Dawa ya meno, sabuni na takataka zote ziingie humo. Pikia mbali na hema, kama mita 60 pakiruhusu. Na tafadhali, dagaa waache nyumbani. Najua ni wepesi na hawaharibiki. Nami niliwabeba mara moja, rakuni watatu wakakesha nami. Unga wa ugali, maharage yaliyokwisha kuchemshwa na kukaushwa, tende, karanga, tangawizi ya chai: vinatosha.

Jiko dogo la gesi ni bora kuliko kuni. Wakati wa ukavu moto hupigwa marufuku mara kwa mara, na si kwa sababu ya nyasi tu. Udongo mweusi wa mboji, ukikauka, wenyewe unawaka. Unaweza kumwaga maji juu, ukaona majivu yamepoa, na chini moto ukaendelea kutambaa kwa siku kadhaa hadi uibukie kwingine. Pale panaporuhusiwa, washa kidogo kwenye alama ya moto wa zamani, na ukizima tia mkono kabisa kwenye majivu.

Hatua ya 8: Choo

Shimo la sentimita 15 hadi 20, mita 60 kutoka kwenye maji. Shimo likianza kujaa maji chini, usilitumie. Tumia mfuko maalumu na utoke nao.

Hatua ya 9: Wenye nyumba

Sisi tuliosikia habari za Rufiji tukiwa watoto hatuingii penye mamba. Mamba wa huku, aligeta mwenye pua butu, ana tabia tofauti na yule wa Afrika. Kwa kawaida mtu mzima si chakula anachokitafuta. Hilo lisikupe ujeuri. Usilale ukingoni mwa kidimbwi, usioshe samaki wala vyombo hapo, usiingie na mbwa, na usimlishe kamwe: ni kosa kisheria, na aliyezoea kulishwa ndiye anayekuja kuua. Vidimbwi vyenye kina vizunguke.

Nyoka wa kumjua ni yule wa majini ambaye akikasirika hujikunja na kufungua kinywa cheupe kama pamba. Akikuonyesha pamba, rudi nyuma. Akimuuma mtu: mkalishe, mvue pete na saa kabla mkono haujavimba, andika kwa kalamu mpaka wa uvimbe na saa, piga 911, namba ya dharura ya huku, au tumia kifaa cha setilaiti. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba, usiweke barafu. Jiwe la nyoka la bibi liache kabatini. Dawa iko hospitali.

Puma wa Florida, paka wakubwa wa porini, wapo, wakubwa wakikadiriwa kati ya 120 na 230 tu. Utaona unyayo kwenye tope ukibahatika.

Wanaokuumiza kweli ni wadogo. Sisimizi wa moto hujenga vilima laini vya udongo. Kanyaga kimoja na watapanda mguuni kimya, kisha wote wanauma pamoja kama walioamrishwa. Usubi hutoka machweo na hupenya chandarua chenye matundu makubwa. Chomekea suruali ndani ya soksi.

Hatua ya 10: Kutoka

Fungasha kila ulicholeta, inua majani yaliyolala chini ya hema, mjulishe mtu wako kuwa umetoka. Nguo zote ziende moja kwa moja kwenye mashine, maji ya moto. Jikague kupe nyuma ya magoti, kiunoni na nyuma ya masikio, bora kwa msaada wa mwenzio. Utitiri hutawaona; kuwasha kwake huanza baadaye, kesho yake ukiwa kazini kwenye kikao, pale hasa mkanda wa suruali ulipobana. Kuwe na mafuta ya kutuliza muwasho kwenye droo.

Kandambili zile bado ninazo. Nazifunga kwa kamba kwenye mlango wa hema.